Hesabu ya Chumvi: Kinachozishika Metali na Simetali Pamoja

Muulize mwanafunzi wa sekondari chumvi inaundwaje, naye atakuchorea maduara mawili na mshale. Duara la kwanza ni sodiamu, yenye elektroni moja kwenye ganda la nje. La pili ni klorini, yenye saba. Mshale unatoka kwa sodiamu kwenda kwa klorini: mmoja katoa, mwenzake kapokea, kila mmoja kabaki na nane, na mambo yamekwisha. Jibu hilo linapata alama zote kwenye mtihani, na si la uongo. Tatizo lake ni kwamba linaeleza nani alimpa nani kitu gani, bila kueleza kwa nini alitoa.

Walimu wengi huziba pengo hilo kwa kusema atomu "inataka" kuwa na elektroni nane. Atomu haitaki kitu. Kinachoamua ni nishati: mabadiliko yanayoacha nishati kidogo zaidi kwenye mfumo ndiyo yanayoelekea kutokea, mengine hayatokei ovyo. Tukiipima habari ya sodiamu na klorini kwa kipimo hicho, tunakuta jambo ambalo michoro ya darasani inalificha. Kuhama kwa elektroni ndiko kwenye hasara, na faida yote inatoka kwenye fuwele inayojengeka baadaye. Hoja ya makala haya ni hiyo, na nitaonyesha kwamba inaeleza mengi ambayo kanuni ya nane haiwezi kuyaeleza.

Gharama kabla ya faida

Wanakemia huhesabu kwa moli. Moli moja ya sodiamu ni gramu 23, ya atomu za klorini ni gramu 35.5, na zikiungana zinatoa gramu 58.5 za chumvi, kiasi kinachoenea kiganjani. Kung'oa elektroni moja kutoka kila atomu katika gramu hizo 23 za sodiamu kunahitaji kilojuli 496. Kiini cha sodiamu kina protoni 11, na ingawa elektroni kumi za ndani zinaikinga ile ya nje na sehemu kubwa ya mvuto wake, mvuto unaobaki bado unaishikilia. Klorini ikiipokea elektroni hiyo inarudisha kilojuli 349 tu. Zimepungua 147.

Gharama hazijaisha. Sodiamu ya maabara ni bonge la metali, na kuzitawanya atomu zake ziwe moja moja kunakula kilojuli 107. Klorini nayo huenda mbili mbili, na kuzitenganisha kunakula 122 kwa kila moli ya atomu. Jumla yake ni deni la kilojuli 376, na hadi hapa hakuna sababu yoyote ya chumvi kuwepo duniani.

Hata hivyo, sodiamu iliyopashwa moto ikiingizwa kwenye gesi ya klorini huwaka kwa mwali mkali wa manjano na kuacha unga mweupe. Kwa kila gramu 58.5 za chumvi inayotokea, hutoka joto la kilojuli 411. Joto hilo lingeweza kuchukua lita moja ya maji baridi kama barafu na kuyafikisha karibu na kuchemka. Kwa hiyo kuna mahali palipotoka kilojuli 787, zikalipa deni la 376 na kubakiza 411. Njia ya kufanya hesabu hii hatua kwa hatua ilionyeshwa mwaka 1919 na Max Born na Fritz Haber nchini Ujerumani, na hadi leo inabeba majina yao.

Kilojuli 787 ni nishati inayotoka pale ioni, yaani atomu zenye chaji baada ya kutoa au kupokea elektroni, ioni chanya za sodiamu na ioni hasi za klorini zinaposogeleana kutoka mbali hadi kupangana katika fuwele. Chanya na hasi huvutana, na mvuto huo hukua kadiri umbali unavyopungua. Zikiwa mbali, hata deni la 147 halilipiki, na sodiamu iliyo peke yake angani haiirushii elektroni klorini iliyo mbali nayo. Zikikaribiana hadi chini kidogo ya nanomita moja, mvuto unaanza kulizidi deni. Ndani ya chumvi, viini vya sodiamu na klorini vilivyo jirani vimetengana kwa nanomita 0.28 tu, na hapo faida ni kubwa.

Fuwele haina jozi

Mwaka 1913 William Lawrence Bragg, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akifanya kazi hii pamoja na baba yake, William Henry Bragg, alitumia mionzi ya eksirei kusoma mpangilio ulio ndani ya fuwele za chumvi. Alichokikuta kiliwashangaza wengi. Hakukuwa na molekuli za sodiamu moja na klorini moja zilizoshikana. Kila sodiamu ilikuwa imezungukwa na klorini sita kwa umbali uleule, na kila klorini na sodiamu sita, bila mmoja kuwa na mwenza wake maalumu. Mwaka 1915 baba na mwana walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Si wote waliokubali. Mwaka 1927 mkemia mkongwe wa Uingereza, Henry Armstrong, aliandika kwenye jarida la Nature akilipinga jambo hilo vikali. Kwake ilikuwa kinyume cha akili kusema kwamba chumvi haina molekuli, ina ioni zilizopangwa kama ubao wa sataranji. Armstrong alishindwa, lakini fikra yake haijafa: mchoro wa maduara mawili na mshale mmoja bado unawafanya wanafunzi waamini kwamba kila sodiamu inakaa na klorini "yake". Fomula ya NaCl inataja uwiano, moja kwa moja. Haisemi lolote kuhusu nani kaungana na nani.

Mpangilio huo ndio unaoongeza faida. Ioni moja ya sodiamu inavutwa na klorini sita zilizo karibu, inasukumwa na sodiamu 12 zilizo mbali kidogo, kisha inavutwa tena na klorini nane za mbele zaidi, na hivyo hivyo kwenda mbali. Erwin Madelung alionyesha mwaka 1918 namna ya kujumlisha mivuto na misukumo hiyo yote. Kwa mpangilio wa chumvi, jumla yake ni mara 1.748 ya mvuto wa jozi moja katika umbali huohuo. Karibu sehemu moja ya kumi ya faida hiyo huliwa na msukumano wa mawingu ya elektroni yanapogusana, na msukumano huohuo ndio unaozuia ioni zisiangukiane. Salio ndizo zile kilojuli 787.

Kwa hiyo muungano wa ioni si uzi uliofungwa kati ya atomu mbili. Ni mvuto wa kiumeme unaokwenda pande zote, na kila ioni inanufaika na wingi wa majirani wenye chaji tofauti na yake.

Nane si sheria

Sasa tuirudie ile namba nane. Mwaka 1916 Walther Kossel wa Ujerumani na Gilbert Lewis wa Marekani, kila mmoja kivyake, waliona kwamba ioni nyingi zinazojulikana zina idadi ya elektroni sawa na ya gesi adimu kama neoni na agoni. Waliona kweli. Ila sababu yake ni ya gharama. Kung'oa elektroni ya pili kutoka sodiamu kunahitaji kilojuli 4,562, kwa kuwa elektroni hiyo inatoka ganda la ndani lililo karibu zaidi na kiini na lenye kinga ndogo. Hakuna fuwele ya klorini inayoweza kulipa kiasi hicho, basi sodiamu huishia chaji moja.

Magnesi iko tofauti. Elektroni zake mbili za nje zinagharimu 738 na 1,451, jumla 2,189. Ni gharama nzito, ila ioni yenye chaji mbili huvuta kwa nguvu zaidi, na fuwele inalipa. Elektroni ya tatu ingegharimu zaidi ya 7,700, na hapo biashara inafungwa.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa oksijeni. Darasani tunasema oksijeni "inahitaji" elektroni mbili ili itimize nane. Ya kwanza huipokea na kutoa kilojuli 141. Ya pili haiipokei kwa hiari: ioni ikishakuwa hasi huisukuma elektroni inayokuja, na kuilazimisha kunagharimu takribani kilojuli 800. Oksijeni yenye chaji mbili hasi haidumu ikiwa peke yake angani, hata ikiwa na nane zake kamili. Inakaa salama ndani ya oksidi ya magnesi kwa sababu fuwele hiyo hutoa karibu kilojuli 3,800 kwa moli. Nane peke yake isingeishikilia.

Kwa upande mwingine, ziko ioni imara zisizo na nane. Mkulima wa kahawa anaujua mrututu, ile dawa ya buluu ya kuzuia ukungu. Ndani yake mna ioni ya shaba yenye elektroni 17 kwenye ganda la nje. Ioni ya chuma iliyomo katika oksidi zinazoupa udongo wetu wekundu ina 13. Kanuni ya nane ni muhtasari mzuri wa yanayotokea katika makundi ya kwanza na ya mwisho ya jedwali la elementi. Katikati ya jedwali haina neno la mwisho.

Chembe moja chini ya kioo

Chukua chembe kubwa ya chumvi ya mawe na kioo cha kukuzia. Utaona pande bapa zinazokutana kwa pembe mraba, maana mchemraba wa ioni umejirudia hadi ukafika ukubwa wa kuonekana kwa macho. Weka ukali wa wembe sambamba na upande mmoja, ugonge taratibu. Chembe inapasuka na kuacha uso mwingine bapa kama ule wa kwanza. Ukigonga mshazari, inavunjikavunjika.

Mhunzi anapolipiga bati, tabaka za atomu huteleza moja juu ya nyingine na metali inatanuka bila kupasuka, kwa kuwa elektroni zake za nje zinazunguka kwa uhuru na kuzishika atomu zote popote zilipo. Katika chumvi, tabaka likiteleza hatua moja tu, chanya inakuta chanya na hasi inakuta hasi. Mvuto unageuka kuwa msukumo na fuwele inaachana. Ugumu wake na wepesi wake wa kupasuka vina chanzo kimoja.

Joto la kuyeyuka linafuata mantiki hiyohiyo. Sodiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi, na klorini ni gesi kuanzia nyuzi 34 chini ya sifuri. Chumvi yao inasubiri hadi nyuzi 801. Oksidi ya magnesi, ambayo chaji zake ni mbili kwa mbili na umbali kati ya ioni ni mfupi zaidi, inavuka nyuzi 2,800, ndiyo maana hutengenezewa matofali ya kuta za ndani za tanuri za kuyeyushia chuma.

Chumvi kavu haipitishi umeme kwa kuwa ioni zake zimebanwa mahali pamoja. Ikiyeyuka, au ikiingia majini, zinapata nafasi ya kutembea na mkondo unapita. Mwaka 1807 Humphry Davy aliitumia njia hiyo jijini London kupata metali ya sodiamu kwa mara ya kwanza. Alipitisha umeme kwenye magadi makali yaliyoyeyushwa, yaani alilipa kwa umeme deni lilelile ambalo fuwele ilikuwa imelilipa kwa mvuto.

Maji yanapodai sehemu yao

Ikiwa fuwele ina nguvu kiasi hicho, vipi chumvi inayeyuka kwenye glasi ya maji bila hata kupashwa moto? Jibu liko kwenye molekuli ya maji, ambayo upande wake wa oksijeni una hasi kidogo na upande wa haidrojeni una chanya kidogo. Maji hupunguza mvuto kati ya ioni karibu mara 80, na molekuli zake huizunguka kila ioni na kuivuta. Kinacholipwa na maji kinakaribia kulingana na kinachodaiwa na fuwele: tofauti haifiki kilojuli 4 kwa moli. Ioni zikiwa karibu sare upande wa nishati, kutawanyika kunashinda, na lita moja ya maji inaweza kubeba takribani gramu 360 za chumvi.

Mizani hiyo ndiyo elimu ya mkulima wa chumvi, awe Bagamoyo, Kilwa au Gongoni kaskazini ya Malindi. Maji ya bahari yana ioni nyingi zilizochanganyika, na jua likiyakausha kwenye mabwawa hazianguki zote kwa pamoja. Jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu, huanguka mapema. Chaji zake ni mbili kwa mbili, fuwele yake inashinda maji, na lita moja ya maji safi haibebi zaidi ya gramu mbili hivi. Chumvi ya kula huanza kuanguka pale maji ya bahari yanapobaki kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wa mwanzo. Yanabaki maji machungu yenye ioni za magnesi, ambazo maji huzishika kwa nguvu mno, na haya mkulima huyamwaga kabla hayajaharibu mavuno. Anayahamisha maji kutoka bwawa hadi bwawa, na kila bwawa linapokea fuwele ya zamu yake.

Asipoyamwaga yote, mlaji atajua masika yakifika. Chumvi safi huanza kunyonya unyevu wa hewa pale unyevu unapozidi asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesi huanza kwenye asilimia 33. Chumvi ghafi inayolowa gunia zima imebeba mabaki ya magnesi.

Mizani hiyohiyo ina madhara makubwa zaidi bara. Katika maeneo ya Arusha na Meru, miamba ya volkano huachia ioni za floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi. Kama maji hayo yangekuwa na kalsiamu ya kutosha, sehemu kubwa ya floraidi ingeanguka kama floraidi ya kalsiamu, ambayo lita moja ya maji safi haiyeyushi zaidi ya miligramu 16 hivi. Lakini maji ya Bonde la Ufa yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na floraidi ya sodiamu huyeyuka kwa wepesi. Hivyo floraidi hubaki majini, mara nyingi ikizidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watu wanaikuta kwenye meno ya kahawia na mifupa iliyopinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanyia kazi uchujaji kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ni fosfeti ya kalsiamu, na floraidi ikipita hapo huchukua nafasi ya ioni nyingine kwenye fuwele na kubaki humo. Maji yaliyokosa kalsiamu yake yanapelekwa kwa kalsiamu ya mfupa.

Mpaka usio na ukuta

Imebaki kanuni ya kitabuni: metali na simetali huungana kwa ioni. Ni kanuni ya kuanzia, na ina mianya ambayo ile hesabu inaieleza vizuri.

Chukua titaniamu, iliyochimbwa kwenye mchanga wa Kwale. Ni metali bila shaka. Ikiungana na klorini nne hutoa kimiminika kisicho na rangi kinachochemka kwenye nyuzi 136, chenye molekuli moja moja kama ilivyo petroli. Kung'oa elektroni nne kutoka titaniamu kunagharimu karibu kilojuli 8,800, na hakuna fuwele ya klorini inayoweza kulipa. Elektroni zinabaki za shirika. Aluminiamu inasimama katikati: floraidi yake hubaki yabisi hadi juu ya nyuzi 1,000, ila kloridi yake hugeuka mvuke kwenye nyuzi 180 hivi. Kazimierz Fajans alieleza sababu mwaka 1923. Ioni chanya ndogo yenye chaji kubwa huvuta wingu la elektroni la jirani yake, na ioni hasi kubwa kama ya klorini ina wingu laini linalovutika kirahisi kuliko la florini.

Linus Pauling alijaribu kuuwekea mpaka namba mwaka 1932, kwa kupima jinsi kila elementi inavyovuta elektroni. Tofauti kati ya sodiamu na klorini ni 2.2, na hapo hakuna ubishi. Lakini haidrojeni na florini zina tofauti ya 1.8 na bado zinatoa molekuli, huku lithiamu na iodini zenye 1.7 zikitoa fuwele ya ioni. Namba peke yake haitoshi bila kujua ukubwa wa ioni na namna zinavyoweza kupangana.

Wala metali si sharti. Kloridi ya amoniamu ni fuwele ya ioni isiyo na metali ndani yake. Na yapo maajabu ya upande wa pili: siziamu ikiungana na dhahabu, metali kwa metali, hutoa kampaundi ya ioni ambamo dhahabu ndiyo hasi. Dhahabu huvuta elektroni kwa nguvu isiyo ya kawaida kwa metali, na siziamu huachia yake kwa bei nafuu kuliko karibu elementi zote. Hesabu imekubali, ingawa kitabu cha kidato cha pili hakikulitaja.

Basi anayetaka kujua kama muungano utakuwa wa ioni ana maswali matatu ya kuuliza. Kung'oa elektroni kunagharimu kiasi gani? Chaji na ukubwa wa ioni vitarudisha kiasi gani kwenye fuwele? Na kuna nani mwingine karibu, kama maji, anayeweza kulipa zaidi?

Tuyajaribu kwa chokaa. Mawe ya matumbawe yakichomwa tanuruni huachia hewa ya ukaa na kubaki oksidi ya kalsiamu. Elektroni mbili za kalsiamu zinagharimu 1,735, bei ya chini kuliko ya magnesi. Chaji ni mbili kwa mbili, basi fuwele inarudisha zaidi ya 3,000, na chokaa haiyeyuki kwa moto wa tanuru hilo. Swali la tatu ndilo linalogeuza mambo. Oksijeni ile yenye chaji mbili haiwezi kudumu nje ya fuwele, na maji yana haidrojeni ya kuipa. Inaipokea papo hapo na kuwa haidroksidi, na joto linalotoka linatosha kuyachemsha maji kwenye pipa. Kanuni ya nane ingekuambia tu kwamba kalsiamu na oksijeni zimetosheka. Isingekuonya usogeze uso wako mbali na pipa.